Anayetembea Kinyumenyume

Duluth, mwezi wa Novemba, saa kumi alfajiri,
natoka na greda la kaunti kukwangua barabara
ili basi la shule lipite, nawe ndani yake
umelala mdomo wazi, kichwa kwenye kioo.
Kazi hii naijua. Theluji haijawahi kuniuliza nywila.

Lakini jana mezani, kati ya chumvi na bili ya umeme,
fomu iliuliza: Mzazi alifika wapi kimasomo?
Ukaacha kidole juu ya kitufe, Eero,
ukatazama dirishani, ukanipa muda.
Darasa la kumi na moja, nikasema. Andika.
Ukaandika.

Sasa najua majina ya vitu:
ruzuku si mkopo, mkopo si zawadi,
na mchango unaotarajiwa kutoka kwa familia
ni tarakimu ambayo familia yenyewe haikuitarajia.
Karatasi za kodi za mwaka juzi nimezikuta
ndani ya boksi la viatu, pamoja na bahasha
yenye meno yako ya utotoni, manne.
Fomu haina mahali pa kuyaambatisha.

Baba yako kule Fargo ameleta sahihi yake,
imechelewa siku tatu, na ujumbe:
Mwambie asome uhandisi.
Sijakwambia.
Ninayo na yangu ya kukwambia, nayo nayameza.
Shangazi Marjatta anasema mwanawe alianza insha Juni,
na mwalimu wa kulipwa, mwenye kalamu za rangi tatu.
Mimi nina chai, na mkate wa siagi.
Nauweka kando ya kiwiko chako
kisha narudi nyuma polepole,
kama mtu aliyefanikiwa kulaza kichanga.

Insha yako sijaisoma. Uliniomba nisiisome.
Haya, nilisoma mstari mmoja,
ulipokwenda kuoga na skrini ikajiwakia yenyewe:
"Kwa mlio wa breki tu najua
mama amerudi na usiku wa namna gani."
Nikaenda kusimama gereji, kwenye baridi,
nikajikaza kisabuni
mpaka uso wangu ukaweza kuingia ndani tena.

Jumamosi tulikwenda kukiona chuo, saa tatu za njia.
Msichana mwenye kofia ya manjano alituongoza
akitembea kinyumenyume,
akitaja maktaba, maabara, bwawa la kuogelea,
na hakujikwaa hata mara moja.
Watu wakatazama majengo. Mimi nikatazama visigino vyake,
jinsi vilivyoitafuta ngazi bila macho,
na yeye anatutazama sisi tu, anatabasamu,
kana kwamba njia ni jambo la baadaye.
Wazazi wenzangu waliuliza idadi ya walimu kwa wanafunzi.
Nikanyoosha mkono:
Nani anakwangua njia hizi, na anaanza saa ngapi?
Ukaona haya. Ukasogea hatua mbili.
Msichana hakujua. Alisema atauliza.

Kisha miezi ya kutouliza.
Nimeuliza kuhusu soksi. Nimeuliza kuhusu mbwa.
Nimeuliza kama supu ina chumvi
kwa sauti ya mtu anayeuliza kuhusu supu.

Jibu limekuja leo, Alhamisi ya Machi, saa kumi na moja jioni.
Umelisoma umesimama kwenye korido, mgongo kwangu.
Umefunga kompyuta taratibu, kama kifuniko cha sufuria ya moto.
Umevaa buti. Umetoka.

Nasikia beleshi lako likigonga saruji.
Theluji ya Machi ni nzito, ina maji tumboni,
inavunja migongo ya watu wazima.
Nimechukua beleshi la pili.
Wewe umeanzia mlangoni, mimi nimeanzia barabarani.
Tutakutana hapo kati, karibu na sanduku la barua.
Ukitaka kusema, utasema.
Usipotaka, bado kuna upande wa majirani.